Ya mtu au ya sanamu? Juu ya taka za mafunzo ya utabibu chuoni na maneno yazitajayo

0. Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili atashangaa kukuta, kati ya makala ya fonolojia na yale ya fasihi simulizi, makala yanayozungumzia sindano, glavu na mapipa ya takataka. Mwandishi wake si tabibu. Ni asistenti katika idara ya lugha, na sehemu kubwa ya ujuzi wake wa utabibu aliipata kwa kuugua malaria. Hata hivyo jambo hili lilitufikia kwa njia ya lugha, na kwa njia ya kosa letu wenyewe. Kwa hiyo inafaa tulieleze tangu mwanzo.

Miaka michache iliyopita, mwenzetu mmoja wa fakulte ya utabibu, katika chuo ambacho hatutakitaja, alituomba tumtafsirie vibandiko vya labo ya mazoezi. Vilikuwa vimeandikwa kwa Kifaransa, na mama wa usafi wa pale hawasomi Kifaransa. Kazi ilichukua robo saa. Pale palipoandikwa déchets tuliandika UCHAFU, vibandiko vikabandikwa, nasi tukasahau. Miezi kadhaa baadaye mmoja wa mama wale, alipokuwa akikamata mfuko wa uchafu ili autoe nje, alichomwa na sindano iliyokuwa ndani yake. Mfuko ule ulikuwa umekusanya vitu vya vyumba viwili: chumba cha sanamu, ambamo wanafunzi huchoma mkono wa mpira, na chumba cha pili ambamo, asubuhi ileile, wanafunzi walikuwa wamejifunza kutoa damu mmoja kwa mwenziwe. Vyote vilitiwa katika pipa moja, chini ya neno moja tulilolichagua sisi.

Alituuliza swali ambalo hatujalisahau: «Mwalimu, ile sindano ilikuwa ya mtu ao ya sanamu?» Hakuna aliyeweza kumjibu. Kwa kuwa hakuna aliyeweza, ilibidi ameze dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi kwa muda wa siku 28, kama inavyoagizwa mahali penye shaka, na arudie vipimo mara kadhaa. Alitoka salama. Lakini siku zile 28 zililetwa na upungufu wa neno moja kwenye pipa, na makala haya yanajaribu kulipa deni hilo. Tutaeleza taka za mafunzo ni nini, zipunguzweje, zipi zitumike tena na zipi zisitumike, na kwa nini katika shughuli hii yote kutaja kitu kwa jina lake ni kazi yenye uzito sawa na kukiosha.

1. Taka za mafunzo ni kitu gani?

Tuanze na hesabu inayojulikana. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) limekadiria kwamba katika taka zote zitokazo hospitalini, sehemu 85 kwa 100 ni taka za kawaida: karatasi, katoni, vifungashio, mabaki ya chakula. Ni sehemu 15 tu zilizo na hatari, iwe ya vijidudu, ya kemikali au ya mnururisho. Shida ni kwamba zile 15 zikitiwa katika mfuko mmoja na zile 85, mfuko wote unageuka kuwa wa hatari, na kwa haki mtu hana budi kuushughulikia hivyo. Kutenga mahali pale kitu kinapotupwa ndiyo kanuni ya kwanza ya elimu hii. Kutenga baadaye, kwa mikono, jalalani, ni kumtuma mtu achomwe.

Sasa tuingie katika labo ya mazoezi. Kikundi cha wanafunzi kinajifunza kupiga sindano, kuweka serumu, kuvaa glavu za oparesheni, kufunga jeraha, kupitisha mpira wa mkojo. Saa mbili zikiisha, meza imejaa vifungashio vilivyopasuliwa, mabomba ya sindano yaliyovuta maji tu, glavu zilizovaliwa dakika tano, kompresi ambazo hazikuona jeraha lolote. Kwa macho, rundo hili halina tofauti na lile la wodi. Kwa asili ni kitu kingine kabisa: sehemu yake kubwa haijagusa mwili wa mtu. Ndiyo maana istilahi yenyewe «taka za mafunzo» inatutia mashaka. Kitu kikishaitwa taka, hukumu yake imekwisha kutolewa. Anayekiokota anaonekana maskini au mwizi. Kumbe vingi kati ya vitu hivi ni vifaa vilivyotumika mara moja na vinavyoweza kutumika mara ishirini.

Hata hivyo, tusidanganyike na mlango wa chumba. Wapo wanaodhani kwamba kila kilichotoka labo ni salama na kila kilichotoka wodini ni cha hatari. Si hivyo. Katika mazoezi ya fiziolojia wanafunzi huchomana vidole ili wajue aina ya damu yao. Katika mazoezi ya maabara hupaka damu kwenye vioo vya hadubini. Na tumekwisha kusimulia habari ya wale waliotoana damu. Chumba ni cha mafunzo, lakini damu ni damu. Kwa upande wake sindano iliyochoma chungwa haina virusi, ila inachoma vilevile, na ikishachoma hakuna atakayejua kwamba ilikuwa ya chungwa. Kwa hiyo mpaka hauko mlangoni. Mpaka uko katika maswali mawili ambayo mtu yeyote, awe profesa au mfagiaji, anaweza kujiuliza: Je, kimegusa damu au majimaji ya mtu? Je, kinachoma au kinakata?

Inafaa hapa tuseme jambo moja juu ya anatomia, kisha tuliache. Miili inayopasuliwa na wanafunzi si taka, na neno mabaki, ambalo baadhi yetu hulitumia kwa taka zote, lingefaa kuepukwa katika labo hiyo, maana mabaki ya chakula na mabaki ya marehemu hayastahili kukaa chini ya kibandiko kimoja. Miili ile huzikwa kwa heshima. Kilicho taka pale ni formoli iliyochakaa, na hiyo haimwagwi mferejini: tangu mwaka 2004 wataalamu wa kimataifa wa saratani wameiweka katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

2. Sindano tatu katika neno moja

Tulipoanza kurekebisha vibandiko tuligundua kwamba ugumu haukuwa katika neno uchafu peke yake. Tuchukue amri hii fupi: «Tupa sindano humu.» Katika Kiswahili neno sindano (wengi Lubumbashi hutamka shindano) linabeba maana tatu zinazohusika hapa. Ni kile chuma chenye ncha. Ni chombo kizima, yaani chuma pamoja na bomba lake. Na ni tendo lenyewe la kudunga dawa, kama tusemapo mgonjwa amepigwa sindano mbili. Mwanafunzi aliyesoma amri ile alitupa chombo kizima. Mwingine alichomoa chuma kwa vidole, akakitupa, akaliacha bomba mezani. Wa tatu alirudisha kifuniko kwa mkono wake wa pili, tendo ambalo ndilo chanzo kikubwa cha kuchomwa, halafu akatupa. Wote watatu waliitii amri.

Tungeweza kukopa Kifaransa na kusema egwi kwa chuma na seringi kwa chombo, kama wanavyofanya wanafunzi wenyewe. Hatuoni aibu ya kukopa. Kiswahili kimekopa tangu kuzaliwa. Lakini vibandiko hivi vinasomwa na watu ambao Kifaransa kimewapita kando. Tuliamua kuandika sindano yenye ncha kwa chuma, na bomba kwa sehemu ile inayobeba dawa, tukachora picha pembeni. Picha ilisaidia kuliko istilahi, na hilo twalikiri.

Kitenzi kusafisha nacho kina matatizo yaleyale. Kwa mama wa usafi, kusafisha ni kuosha kwa maji na sabuni. Kwa mwalimu wa upasuaji, ni kufikisha kifaa mahali ambapo hakuna kijidudu hata kimoja kilicho hai. Kati ya hao wawili kuna daraja la tatu, yaani kuua sehemu kubwa ya vijidudu kwa dawa kama vile javeli. Tunapendekeza kuosha kwa daraja la kwanza. Kwa la pili tunapendekeza kutakasa, neno ambalo lina harufu ya kanisani na msikitini, ni kweli, lakini Afrika Mashariki yote ililizoea mwaka 2020 kwa vitakasa mikono vya wakati wa Covid-19. Kwa daraja la tatu, wauguzi wetu wazee bado husema kuchemsha, hata pale chombo kinapoingizwa katika otoklavi yenye mvuke wa joto la nyuzi 121 kwa nusu saa. Neno hilo limebaki kama kumbukumbu ya sufuria za zamani. Lina hatari moja: anayelisikia aweza kudhani kwamba sufuria ya nyumbani inatosha. Bora kusema kutia otoklavini, ingawa ni refu.

3. Kupunguza kwanza

Kabla ya kuuliza kitu kitumike tena vipi, tuulize kama kulikuwa na haja ya kukifungua. Mazoezi mengi yanaweza kuanza bila kifaa kipya. Chungwa limefundisha vizazi vya wauguzi kupiga sindano, kwa sababu ganda lake linashindana na sindano kidogo kama ngozi. Ganda la ndizi hupasuliwa na kushonwa kwa uzi wa cherehani kabla ya kugusa uzi wa upasuaji ambao ni ghali. Mguu wa nguruwe ununuliwao sokoni ni mwalimu bora zaidi, na pale ambapo imani ya mwanafunzi haimruhusu kuugusa, ngozi ya mbuzi inafaa. Lakini nyama ni nyama: izikwe siku ileile, na asiwepo mtu wa kuichukua aende kuipika baada ya kupakwa dawa. (Tunasema hivi kwa sababu tulikwisha kuulizwa.)

Vitambaa vya nguo badala ya vya karatasi, kwa kufunika eneo la oparesheni ya mazoezi, hufuliwa na kurudi. Gango la plasta, kinyume chake, likishakauka halirudi kuwa unga kwa njia iliyo rahisi. Basi lifanyiwe onyesho moja mbele ya kikundi kizima, kisha kila mmoja azoee mkono wake kwa bendeji ya kawaida iliyoloweshwa maji.

Yapo pia mambo ya kununua. Tangu tamko la pamoja la OMS, UNICEF na UNFPA la mwaka 1999, chanjo hutolewa kwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja. Ni uvumbuzi ulio mwema kabisa kwa wodi. Kwa labo ya mazoezi, kununua mabomba ya namna hiyo ni kununua taka, maana mwanafunzi akivuta na kusukuma maji mara moja, limekwisha. Machache ya kuonyesha yanatosha. Mengine yawe ya kawaida.

4. Kutumia tena, bila kuharibu mkono

Hapa ndipo pana pingamizi zito, nalo halikutoka kwetu bali kwa daktari aliyesoma rasimu ya vibandiko vyetu. Alisema hivi: «Mnataka kumfundisha mwanafunzi kwamba bomba hutumika tena. Mimi nimetumia maisha yangu kumfundisha kwamba halitumiki tena.»

Anayo haki ya kuogopa, na nchi yetu ndiyo iliyolipa bei ya somo hilo. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, wauguzi walikuwa wakipewa kila asubuhi mabomba matano pamoja na sindano zake kwa kazi ya siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa tu katika chombo cha maji ya vuguvugu. Ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulipita katika sindano zile. Watu 318 waliugua, 280 kati yao wakafa, wakiwemo wengi wa wafanyakazi wa hospitali yenyewe. Huko Kikwit, mwaka 1995, kati ya wagonjwa 315, watu 80 walikuwa watumishi wa afya. Na si Ebola peke yake: kwa mwaka 2000, OMS ilikadiria kwamba duniani kote sindano zisizo salama ziliambukiza hepatiti B kwa watu milioni 21, hepatiti C kwa milioni 2, na virusi vya Ukimwi kwa watu 260,000.

Kwa hiyo swali la kutumia tena haliishii kwenye kifaa. Linauhusu mkono pia. Mkono hujifunza bila kuuliza sababu. Mwanafunzi aliyezoea labo kuweka bomba mezani ili litumiwe na mwenzake ataliweka mezani wodini siku akichoka. Tulijadiliana na daktari yule muda mrefu, tukafikia kanuni ambayo tunaiona kuwa kiini cha makala haya: kitumike tena kile ambacho kutumika kwake tena hakumfundishi mwanafunzi tendo baya. Kifaa kirudi, lakini kirudi kwa mlango wa nyuma, mwanafunzi akiwa amekwisha kukiaga.

Mifano itafafanua. Kupasua kifungashio ni sehemu ya somo, kwa kuwa mwanafunzi lazima ajue kufungua bila kugusa kilichomo ndani. Baada ya zoezi, fundi wa labo hukusanya mabomba yasiyo na sindano, huyaosha kwa maji na sabuni, huyaacha yakauke kabisa, kisha huyarudisha katika vifungashio vyake na kuvifunga kwa skochi. Kikundi kinachofuata kinafungua upya. Mwanafunzi haoni bomba lililotumika. Anaona kifungashio cha kufungua. Hivyo hivyo kwa glavu za mazoezi ya kuvaa kwa taratibu ya oparesheni: hukaushwa, hupakwa unga kidogo, hukunjwa kingo zake kama zilivyotoka kiwandani, na kuzungushiwa karatasi yake. Glavu moja huvumilia mara kadhaa. Ikitoboka hukatwa pete, na pete zile hufanya kamba nzuri ya kufunga mkono wa sanamu kabla ya kutafuta mshipa.

Mipira ya mkojo na ya tumboni, ikipitishwa katika sanamu tu, huoshwa na kuanikwa ikining'inia. Bendeji hufuliwa na kupigwa pasi. Hakuna haja ya otoklavi kwa vitu hivi, kwa kuwa haviendi kwa mgonjwa. Kuvipeleka huko ni kupoteza umeme ambao nao haupatikani kila siku. Kitu kimoja katika labo kinahitaji zaidi ya kuosha, nacho ni uso wa sanamu ya kufundishia kumpulizia mtu pumzi. Sanamu ya kwanza mashuhuri ya namna hiyo ilitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal wa Norwe, kwa sura ya msichana asiyejulikana ambaye husemwa kuwa alizama katika mto Seine, Paris. Tangu hapo midomo ya mamilioni imegusa sura ile, ndiyo sababu hupanguswa kwa alkoholi kati ya mwanafunzi na mwanafunzi.

Sasa sindano yenye ncha. Wodini, agizo ni wazi: chuma na bomba hutupwa pamoja, palepale, bila kurudisha kifuniko na bila kuchomoa kwa vidole, ndani ya sanduku gumu lisilotobolewa. Sanduku la katoni la lita 5 hupokea kama mabomba 100 na hufungwa likijaa robo tatu. Tukitaka kuokoa mabomba labo, tutamlazimisha mwanafunzi achomoe chuma kwa mkono, yaani afanye kosa lilelile tunalomkataza. Njia yetu ilikuwa kutenganisha masomo. Zoezi likiwa la kuvuta na kupima dozi, halihitaji ncha kali. Sindano butu inatosha, na bomba linarudi. Zoezi likiwa la kuchoma, mwanafunzi anachoma na kutupa vyote sandukuni kama wodini, na hakuna anayefungua sanduku lile ili kuokoa kitu. Kinachopotea siku hiyo hatukiiti hasara. Ni karo ya mkono.

Na chochote kilichogusa damu, hata tone moja, hata ya mwanafunzi mwenye afya njema, kinatoka katika hesabu hii kabisa. Kioo cha hadubini pekee chaweza kurudi, baada ya kuloweshwa katika javeli ya nusu kwa mia (sehemu moja ya javeli ya 5 kwa mia ndani ya sehemu tisa za maji), kisha kuoshwa na fundi mwenye glavu nene.

Kuhusu moto tutasema machache. Uani mwa vyuo vyetu vingi kuna shimo la kuchomea, na moto wa shimoni hauyeyushi sindano. Huacha ncha ndani ya majivu, tayari kwa mguu wa mtoto. Mipira na vifuko vya serumu vikiwa vya plastiki yenye klorini, moto dhaifu hutoa moshi wenye sumu ziitwazo dioksini. Tanuru inayofaa hufikia nyuzi 850 na zaidi. Basi kila mpira unaorudi labo ni mpira usiokwenda shimoni, na kwa jirani wa chuo faida hiyo yazidi faida ya fedha.

5. Njia isiyorudi wodini

Hatari ya vifaa vya mazoezi ina pande mbili, na upande wa pili huzungumzwa mara chache. Tunaogopa kifaa cha wodi kisije labo; tuogope pia kifaa cha labo kisiende wodini.

Mwishoni mwa mwaka 2014, nchini Marekani, ambako dawa hazikosekani, iligunduliwa kwamba vifuko vya maji ya chumvi vilivyotengenezwa kwa ajili ya mazoezi tu, visivyo safi kwa kiwango cha kuingia mshipani, vilikuwa vimepelekwa kwa makosa katika kliniki na kutiwa katika mishipa ya wagonjwa zaidi ya 40. Wengi walishikwa na homa na kutetemeka, baadhi wakalazwa. Vifuko vilifanana mno na vya kweli. Ndivyo vilivyokusudiwa, kwani kifaa cha mazoezi kizuri ni kile kinachofanana.

Kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi. Hapa familia ya mgonjwa ndiyo inayonunua serumu na glavu kwenye famasi ya nje, wakati mwingine usiku. Kifuko kinachoonekana kipya kina bei, na mwanafunzi mwenye huruma, akiwa na kifuko begani, ni hatari kama mwenye tamaa. Kifuko hicho kwetu kimejazwa maji ya bomba. Kwa sababu hiyo kila kifaa kinachorudishwa labo lazima kiharibiwe sura kidogo: kona ya kifungashio ikatwe, bomba lichorwe mstari mwekundu wa wino usiofutika, maji ya serumu ya mazoezi yatiwe rangi. Vifaa vilivyopitwa na tarehe, ambavyo hospitali huvitoa kwa labo, vifanyiwe hivyo siku ile vinapopokelewa. Dawa zilizopitwa na tarehe zisipokelewe kabisa. Maji ya rangi yanafundisha kipimo sawasawa na dawa.

6. Kibandiko

Likabaki neno. Tulianza na KWA MAFUNZO TU, tukaona lina kasoro. Mwanafunzi aliye katika staji, akisimama mbele ya mgonjwa wa kweli, naye yumo katika mafunzo. Kibandiko hiki hakimkatazi lolote. KWA MAZOEZI kilikuwa kizuri kidogo, ila wengine walifikiri ni mazoezi ya viungo. Mwishowe tulirudi kwenye swali la mama yule. Yeye, bila kusoma OMS, alikuwa amekwisha kuigawa dunia ya labo katika sehemu mbili zilizo wazi: ya mtu, na ya sanamu.

Ikazuka shida ya sarufi, ambayo wasomaji wetu wataifurahia. Kibandiko kimoja kinabandikwa kwenye bomba, kwenye mfuko, kwenye kifungashio na kwenye glavu. Je, tuandike la sanamu, wa sanamu, cha sanamu au ya sanamu? Kiswahili sanifu kingetaka vibandiko vinne. Wenzangu wengine walipendekeza CHA, kwa upatanisho na neno kifaa lililofichika. Lakini katika Kiswahili cha Lubumbashi, kama wachunguzi wake walivyoonyesha, upatanisho wa ngeli umepungua sana, na ya hubeba karibu kila kitu. Msomaji wa kibandiko hiki atasoma ya hata pale tutakapoandika vingine. Tuliandika: YA SANAMU. ISIGUSE MTU. Kwenye pipa jingine: YA MTU. USIINGIZE MKONO. Walimu wangu wa sarufi watanisamehe. Sindano hazingoji upatanisho.

Vibandiko vipya vilipobandikwa nilimwendea Mama yule nimwonyeshe. Alivisoma kwa sauti, polepole, akasema, «Sawa, Mwalimu.» Kisha akauliza nani atakayeosha mabomba hayo yote, na kama kazi hiyo itaongezwa juu ya kazi yake bila kitu juu ya mshahara wake. Swali hilo nalo halikuwa na jibu siku ile. Liliandikwa katika barua, na barua ilichukua muhula mzima kufika juu na kurudi. Sasa kuosha ni kazi ya fundi wa labo, saa zake zimeandikwa.

Aliomba jambo la pili, ambalo halikuhitaji barua. Alisema fundi cherehani huhesabu sindano zake kabla ya kulala, kwa sababu ya watoto. Kwa nini madaktari hawahesabu? Tangu hapo kuna daftari lililofungwa kwa kamba mlangoni mwa labo. Mwanafunzi wa mwisho kutoka huandika tarehe, sindano zilizotolewa na sindano zilizoingia sandukuni, na mlango haufungwi hadi namba mbili zilingane. Nilipolitazama mara ya mwisho, ukurasa wa siku ile ulisomeka 24 na 23, na chini yake, kwa mwandiko mwingine: «Ya 24 imepatikana chini ya meza. Ya sanamu.»